Kilomita za Baada ya Thelathini

Mama,

Jeptoo anataka kufunga kibanda chako. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Mgeni akianza na habari za mvua na mahindi ulikuwa unamkata: "Sema ulichokuja nacho, chai inapoa." Basi nilichokuja nacho ni hicho.

Kura ni mwezi wa nane. Hapa Cheptiret watu wameanza tena ule mchezo wa kunyamaza ukifika. Unakuta watu watatu pale stegi ya matatu wanaongea, ukikaribia wanaanza kuulizana bei ya mbolea. Jeptoo anayaona hayo kutoka asubuhi akikaanga mandazi mpaka jioni akiosha vikombe, na amechoka kujifanya hasikii. Anataka afunge mwezi wa saba, apakie sufuria na meza, aende kwa mjomba Nakuru mpaka matokeo yatangazwe na watu warudiwe na akili. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka," akaniambia, "na mimi nimeumwa." Mzee naye ukimuuliza anasema mambo ya kibanda ni yenu na mama yenu, utadhani uko jikoni utamsikia. Kwa hiyo Jeptoo ananingoja mimi kaka yake, mtoto wako wa kwanza, niseme ndiyo au hapana.

Nilimwambia nitamjibu nikitoka safari. Nimerudi juzi na jibu ninalo. Lakini wacha nikueleze nilikolipata, maana hapa nyumbani sikutoka nalo.

Safari ilikuwa ya Warsaw, huko Poland. Kazi ni ile ile, Mama, ya sungura. Unakumbuka mara ya kwanza nilipokueleza kazi hii ulicheka mpaka ukaweka mwiko chini. Nikakwambia, mimi ninalipwa kukimbia mbele kwenye marathoni, niwavute wanaotaka kushinda, niwakatie upepo, nishike kasi ile meneja amesema, halafu tukifika kilomita ya thelathini ninatoka kando, wao wanaendelea. Ukauliza, "Na hizo nyingine zilizobaki?" Nikasema hizo si zangu. Ukasema, "Mambo ya wazungu ni makubwa kweli. Kumlipa mtu asifike." Kuanzia siku hiyo ukaniita sungura wako mbele ya wateja, na wateja wakachukua jina.

Lakini nikiwa kwa TV ulikuwa unanitetea. Ile ndogo niliyokununulia, ukaifunga kwa waya juu ya kabati la mandazi. Jeptoo aliniambia kila nikitoka njiani ulikuwa unasimama na kutangaza, "Amemaliza kazi yake," kisha unarudi kwa jiko kama mtu aliyeshinda kesi. Ni mimi tu ulikuwa unanibana nikirudi.

Ulikuwa unanibana vibaya. Nikishuka na begi unaniuliza, huko wanakula nini? Wazee wao wanakaa wapi mchana? Wanasalimiana? Nami nina nini cha kusema? Nimefika Ijumaa, nimelala, Jumamosi nimenyoosha miguu kidogo na kusikiliza mkutano, Jumapili nimekimbia, Jumatatu niko kwa ndege. Nilikuwa nimeona zulia la hoteli na mgongo wa gari lenye saa linalotutangulia. Ukasema, "Mwenda bure si mkaa bure, lakini wewe, Kibet, unajitahidi."

Basi nikaanza kuangalia kwa ajili yako. Nilikuletea Istanbul, chai kwa glasi ndogo yenye kiuno chembamba, bila maziwa, na paka wamelala juu ya viti vya watu na hakuna anayewafukuza. Ulisema chai bila maziwa ni dawa, na paka nao wakija hapa watajua. Nilikuletea Lisbon, vilima kila upande, nguo zimeanikwa madirishani juu ya vichwa vya watu, na akina mama wazee wameweka viwiko dirishani wakichunguza nani amepita na nani. Hao uliwapenda. Ulisema ungeweza kuishi huko. Nilikuletea Vienna, ambako taa nyekundu ya watembea kwa miguu ikiwaka watu wanasimama hata kama hakuna gari lolote, saa kumi na mbili asubuhi, barabara tupu. Nilisimama nao. Mbwa pia alisimama. Hiyo ulikataa kabisa kuamini, ukamwita Mzee asikie uongo wa mwanawe.

Halafu, baada ya kucheka, ulikuwa unauliza lile swali lako. "Na huo mji unaisha wapi?" Ukimaanisha mwisho wa mbio. Pale wanapofika. Kukoje? Nami sikujua. Sungura akitoka anapewa blanketi la plastiki, anapandishwa basi pamoja na waliozidiwa, basi linapita njia za nyuma, linamshusha hotelini. Miji yote niliyokimbia, sijawahi kuuona mwisho wa hata mmoja.

Nilikuwa kwa basi kama hilo Prague uliponiacha. Mguu ulikuwa unaniuma kwa yale mawe waliyotandika barabarani, nikatoa simu nikupigie nikwambie kuhusu hayo mawe, nikaona Jeptoo amepiga mara nyingi. Presha, akasema. Asubuhi ulikuwa umekoroga chai, ukakaa kidogo kwa benchi. Nilikaa na ile plastiki mabegani. Mzungu mmoja aliyekuwa ameumia kifundo akanipa chupa yake ya maji, hakuuliza kitu. Sikuwa na la kukuletea tena, Mama. Sikujua nimweleze nani kuhusu mawe.

Baada ya mazishi niliendelea na kazi, lakini miji ikawa mitupu. Sikutoka nje ya hoteli. Nilikuwa nakimbia thelathini zangu, nashuka, narudi. Meneja alifurahi, alisema nimekuwa sungura mzuri zaidi, sina maswali.

Sasa Warsaw. Jumamosi ile walituambia tupumzishe miguu. Nilikuwa kitandani, Jeptoo akanitumia ujumbe: mjomba amesema kuna chumba, nilipie au nisilipie? Sikuweza kulala na hilo swali kifuani. Nikavaa jaketi nikatoka. Nikatembea mpaka nikafika sehemu yao ya zamani, nyumba zimeshikana bega kwa bega, moja ya manjano, moja ya waridi, moja ya kijani iliyokolea, na uwanja katikati. Nikajiambia hawa watu wametunza mji wao tangu enzi za mababu. Nikanunua kitu kwa dirisha la duka. Mandazi, Mama. Haki ya Mungu, mandazi ya mviringo, laini, ila ndani wametia jamu ya maua ya waridi. Ungemwuliza huyo mama ameitiaje bila kuyapasua.

Huyo mama wa dukani alikuwa na picha ukutani, kubwa, nyeusi na nyeupe. Matofali. Marundo ya matofali mpaka mwisho wa picha, ukuta mmoja umesimama peke yake na dirisha lisilo na kitu. Nikafikiri ni mahali pengine. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha uwanja wa ndege. Akaonyesha kidole nje, kwenye ule uwanja niliotoka. Ni hapa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mji wote ulibomolewa na kuchomwa, nyumba kwa nyumba, makusudi. Wakaambiwa hakuna kilichobaki, wakajenge kwingine. Wakarudi, wakatafuta picha za zamani zilizochorwa, wakajenga kila nyumba pale pale ilipokuwa, na rangi yake. "Bibi yangu alibeba matofali," akasema, kisha akanipimia andazi jingine bila kunitoza.

Nililila hilo andazi nimesimama na nililia, nikwambie ukweli. Watu wa huko hawakuangalii ukilia, ni wastaarabu. Nililia kwa sababu nilikuwa nakuona wewe.

Nakuona ile Januari ya fujo baada ya kura, Wakikuyu wakifukuzwa, moshi upande wa Eldoret na mwingine upande wa Burnt Forest, na sisi katikati. Wewe Mkikuyu uliyezaliwa hapa hapa Uasin Gishu, umeolewa na Mkalenjin, umewapa chai watu wa hii barabara tangu sijazaliwa. Mzee wa poshomili, yule mwenye mashine ya kusaga mahindi, akavuka barabara, akasimama langoni, kofia mkononi. Hakupiga kelele. Alimwambia Mzee wetu kwa sauti ya mtu anayekopa jembe, "Huyo mama aondoke kabla ya jioni. Sisi na wewe hatuna shida." Arudi kwao, akasema. Nawe ukauliza swali ambalo hakuna aliyekujibu: kwetu ni wapi? Ulikuwa na chai jikoni. Uliimalizia, ukaijaza kwenye termosi ya Mzee, ukazima moto kwa maji, ukapanda lori la mbao lililokuwa likienda Nakuru na sufuria yako kubwa magotini. Usiku huo wakachoma kibanda.

Na nakuona ukirudi. Watu wa Nakuru walikwambia subiri. Mjomba alikwambia kibanda unaweza kujenga hata hapa, barabara ni ile ile. Ukashuka pale stegi mchana, soko likiwa limejaa, kila mtu akiangalia, na sufuria ile ile kichwani. Ukaenda moja kwa moja kwenye jivu. Ukachukua jembe la Mzee wetu, ukaanza kusafisha. Mzee akaja na la pili. Mimi na Jeptoo tukaleta ndoo. Hakuna jirani aliyesema pole, lakini baada ya siku chache kuna mtu aliacha mabati langoni bila kusema ni nani, nawe ukayapigilia bila kuuliza. Ukapaka rangi ya kijani kama ya kwanza. Jeptoo alikwambia tubadilishe, kijani hicho kinaonekana mbali. Ukasema, "Ndiyo maana." Kura zilizofuata wengine walipanda magari wakaenda, wewe ukakoroga chai.

Basi nikarudi hotelini nikiwa nimejua kitu kimoja, sijui kingine. Nilijua kesho sitatoka njiani kilomita ya thelathini. Nilitaka kuuona mwisho wa mji, hata mara moja, kabla sijamwambia dada yangu kama anatakiwa kuondoka au kukaa. Sikuona naweza kumwambia mtu abaki mpaka mwisho na mimi miguu yangu haijui mwisho unafanana vipi.

Asubuhi meneja alinipa namba ya kifuani. Ya sungura haina jina, imeandikwa PACE tu, yaani kasi. Akaniambia kama siku zote, thelathini unatoka, sitaki uchoke, kuna kazi nyingine mwezi ujao. Nikamwambia leo naendelea. Akacheka, akafikiri ni mzaha. Nikamwambia tena. Akaacha kucheka akasema ukiendelea tafuta mtu mwingine wa kukupa kazi, sungura aliyechakaa simhitaji. Si mtu mbaya, Mama. Ndiyo biashara yake. Nikamwambia nimesikia.

Niliwavuta vizuri. Kijana wetu mmoja kutoka Iten alikuwa nyuma yangu, pumzi yake nzuri, nikamshikia kasi barabara. Tulipovuka mto nikaanza kuona kibao cha thelathini kwa mbali, na wenzangu wawili wakasogea kushoto watoke. Mguu wangu wa kushoto nao ukasogea. Wenyewe, Mama, sikuuambia. Umezoea kutoka, unajua njia. Meneja alikuwa amesimama pale ukingoni akinipungia mkono nije. Nikaurudisha mguu barabarani kama mtu anayemvuta ng'ombe aliyekataa daraja, nikapita.

Sikukimbia na washindani. Hiyo haikuwa haki, wamejitunza, mimi nimejimaliza kwa ajili yao. Nikampa kijana wa Iten njia, nikapunguza. Kisha miguu ikaniambia ukweli wake. Mapaja yakakaza. Nilitembea. Watu walinipita wengi, wanawake wakanipita, mzungu mwenye mvi za Mzee wetu akanipita na kunigonga bega, eti jipe moyo. Watoto walikuwa wakininyooshea viganja niwagonge, na mimi nahesabu kila kiganja kama deni. Nilitamani basi. Nilitamani ile plastiki. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimelowa.

Sasa nisikilize, swali lako nimekuja nalo. Mji unaisha kwa zulia la buluu limetandikwa barabarani, limechafuka kwa ndizi na maji. Hakuna cha ajabu. Kuna uzio pande zote, na kwenye uzio watu wa kawaida wamesimama, baridi imewashika, wameandika majina kwenye makatoni, na kila mmoja ananyoosha shingo kutafuta mtu wake. Mshindi alikuwa amepita zamani na hakuna aliyeondoka. Wako pale kwa ajili ya wa nyuma. Hicho ndicho sikuwahi kukiona kutoka kwa basi. Nilifikiri mwisho ni wa washindi, kumbe washindi hukaa hapo dakika mbili tu, waliobaki wote ni watu wanaongoja watu. Mama mmoja akanivika medali, akanipa kikombe cha chai ya limau. Bila maziwa. Niliinywa yote.

Nikampigia Jeptoo kabla sijavua viatu. Alikuwa analia na kucheka, alikuwa ameniona kwa TV mpaka kamera iliponiacha, na kibanda kizima kilikuwa kimesimama kikibishana kama nimeumia au nimerukwa na akili. Nikamwambia chumba cha Nakuru asilipie. Akasema, "Wewe utakuwa wapi, Kibet? Utakuwa Ulaya?" Nikamwambia meneja ameniacha, nitakuwa Cheptiret mwaka mzima. Nitakuwa kwa kibanda kabla ya kura, siku ya kura, na siku zote za kungoja matokeo. Yeye akitaka kwenda na watoto wake aende, sitamlaumu, lakini mlango utafunguliwa. Akasema, "Wewe hata kuwasha jiko hujui. Nitakaa."

Ningeishia hapo, Mama, lakini kuna jambo la jana asubuhi.

Unajua hapa kwetu mkimbiaji akishinda ng'ambo anangojwa na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolazwa humo baada ya kukipaka mkaa, na mama yake ndiye anayemnywesha wa kwanza mbele ya watu. Mimi sijawahi kupewa. Sungura hapewi, amefika wapi? Na juzi nilishuka uwanja wa ndege wa Eldoret peke yangu na begi langu, kama kawaida.

Jana nilikuwa kwa kibanda nimekaa, ngazi za hoteli zilikuwa zimenishinda na za hapa pia, nikaona mzee wa poshomili anavuka barabara. Amezeeka. Amebeba kibuyu kwa mikono miwili. Akaingia ndani, yeye ambaye tangu mwaka ule alikuwa anamtuma mtu amnunulie chai, haingii mwenyewe. Akasema, "Tulikuona. Ulikataa kutoka." Akaninyooshea kibuyu. "Hii ilikuwa kazi ya mama yako. Hayuko. Hakuna mwingine amekuletea, nimeleta mimi."

Nilishikwa na hasira, usifikiri ni furaha. Nilitaka kumwuliza kwetu ni wapi, aseme leo mbele ya watu. Nilitaka kukimwaga hapo chini. Jeptoo alikuwa ameshika mwiko hewani, mafuta yanaungua. Nikakipokea kibuyu, nikakiweka magotini, sikunywa.

Nikamwambia, "Mzee, nitakunywa. Lakini siku za kungoja matokeo utakaa hapa kwenye benchi hii. Asubuhi mpaka jioni. Barabarani wote wakuone."

Alivua kofia, akaigeuza geuza, vile alivyofanya langoni kwetu. Nikajua anajua ninachoomba, na mimi nilijua ni kitu kikubwa, wapo watakaomcheka na wapo watakaomchukia. Kisha akavuta benchi, akaketi hapo hapo, magoti yakilia. "Nitakaa," akasema. "Vijana wangu pia. Sasa kunywa, mtoto wa Wambui."

Jina lako, Mama. Alilitaja kwa sauti, kibanda kikiwa kimejaa. Ndipo nikanywa. Jeptoo akampimia chai, akamwekea na mandazi, akamwambia alipe kama watu wengine.

Pumzika sasa, Mama. Hapo tulipokuzika, hapa Cheptiret, ni kwenu, ulipachagua mwenyewe na hakuna wa kukuhamisha. Mwezi wa nane ukifika jiko litawashwa alfajiri. Nitakuwa nakoroga mimi, itakuwa chai mbaya, na wasioitaka ni shauri yao. Lakini mlango wataukuta wazi, na mzee wa poshomili amekaa mbele yake.

Mwanao,
Kibet